Machozi ya sinema, na jamaa tuliowakata



Kama kuna sinema ya Kihindi iliyowagawa watu wa miji yetu barazani, majumbani na hata kwenye daladala, basi ni Kabhi Khushi Kabhie Gham. Ilitoka Desemba 2001. Ina urefu wa saa tatu na nusu, ina mapenzi, ina vichekesho na ina vilio. Imepita zaidi ya miaka ishirini, na bado ikionyeshwa nyumba nzima hunyamaza. Hata asiyejua neno la Kihindi hufuta machozi.

Si jambo geni. Wazee wetu walitoka kwenye kumbi za sinema za Unguja na Dar es Salaam wakibishana vivyo hivyo juu ya Awara, sinema ya mwaka 1951, ambayo nayo ina baba mwenye cheo aliyemfukuza mkewe mjamzito kwa tuhuma. Watu wa mwambao tumezoea kuzijadili nyumba zetu kwa kupitia nyumba za Wahindi.

Niseme mapema kwamba siandiki kutoa hukumu ya kutazama sinema. Nyimbo, ngoma na mavazi ya humo masheikh wamekwisha kuyasemea, na mwenye kutaka hukumu anajua pa kuuliza. Ninayoandikia ni maoni ya watazamaji. Watu wakishatazama hutoa fatwa zao kuhusu ndoa, wazazi na watoto, na fatwa hizo ndizo zinazoendesha nyumba zetu.

Kwa asiyekijua kisa, ni hivi. Yash Raichand ni tajiri, neno lake nyumbani halijibiwi. Amemlea Rahul tangu mchanga, ingawa hakumzaa, na amekwisha kumchagulia binti wa rafiki yake. Rahul anampenda Anjali, msichana mcheshi wa Chandni Chowk, mtaa wa sokoni huko Delhi, binti wa muuza halua. Baba anakataa. Kisha baba yake Anjali anafariki. Rahul anamwoa na kumleta nyumbani, na mzee anamwambia kwamba sasa amethibitisha kuwa si damu yake. Kijana anaondoka na mkewe, wanahamia London. Inapita miaka kumi. Ndipo mdogo wake, Rohan, aliyekuwa mtoto wa shule ya bweni wakati wa ugomvi, anapofunga safari kwenda kuwarudisha.

Nimesikiliza mengi yanayosemwa juu ya kisa hiki, na yote yanaingia katika mafungu matatu. Vijana wanasema baba ni dhalimu, mapenzi hayana tajiri wala masikini. Wazazi wanasema kijana ndiye mkosa, kwani aliyelewa akasomeshwa hawezi kumvunjia baba neno kwa ajili ya msichana wa sokoni. Akina mama hawabishani, wanalia na yule mama ambaye moyo wake humwambia mwanawe yuko mlangoni kabla hajaingia.

Tuyapime maoni haya kwa mizani ya dini.

Vijana wana haki katika jambo moja. Yule baba hakuuliza dini ya binti wala tabia yake. Aliuliza anatoka nyumba gani. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ametufundisha kuwa akija kuposa mtu tunayeridhika na dini yake na tabia yake tumwozeshe, na akaonya kwamba tusipofanya hivyo itakuwa fitina katika ardhi. Na walii anayemzuilia mwanamke ndoa bila sababu ya kisheria ameonywa ndani ya Qur'an yenyewe (2:232). Aya hiyo iliteremka kwa sababu ya sahaba Maaqil bin Yasar, aliyeapa kutomrudisha dada yake kwa mume aliyemwacha, ilhali wawili hao walitaka kurudiana. Aliposomewa aya alitii papo hapo.

Wazazi nao wana haki yao. Mtoto wa kiume hahitaji walii ili kuoa, lakini wema kwa wazazi haumwondokei siku ya ndoa. Somo limo katika Suratu Luqman (31:14-15): hata wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mola wako, usiwatii katika hilo, lakini kaa nao kwa wema hapa duniani. Ikiwa shirki haikati wema, ndoa itaukataje? Na Asmaa binti Abubakar (r.a.) alipojiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha amuunge.

Na akina mama wasidharauliwe. Mwisho wa sinema mama yule anamwambia mumewe kwamba alifundishwa kuwa mume ni mungu, lakini ameona kwamba mume ni mume tu, na amekosea. Mke wa Kiislamu hakupaswa kungoja miaka kumi alijue hilo. Sisi hatuna kiumbe anayetiiwa katika kumuasi Muumba, awe baba, awe mume.

Kuna na neno la damu. Kulea mtoto wa mwingine ni ibada kubwa, na Qur'an imeamrisha tu aitwe kwa baba yake aliyemzaa (33:5). Lakini kumtupia usoni siku ya hasira kwamba hukumzaa ni kumsimbulia, na Allah ametukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia (2:264). Baba yule aliteketeza malezi ya miaka kwa sentensi moja.

Hadi hapo kila mtu ameondoka na fungu lake, na ubishi ungeweza kwisha. Lakini mimi naona wote watatu wameliacha jambo zito kuliko yote. Wanabishana juu ya ile siku moja ya ugomvi, na wanairuka ile miaka kumi.

Ndugu zangu, siku ya ugomvi ina mjadala, kila upande una hoja. Miaka kumi ya kutosemeshana haina hoja. Mtume (s.a.w.) amesema si halali kwa Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza salamu. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Angalieni ilivyokuja. Haikumtaja mwenye haki. Haikusema aanze aliyekosa. Imemsifu anayeanza, basi. Na wao hao wawili wamepokea kwamba mkata udugu haingii peponi. Sisi tunauliza nani alikuwa na haki, dini inauliza nani ametoa salamu.

Yupo mzee mmoja mtaani kwetu, sitamtaja, mtu wa swala tano na safu ya kwanza. Binti yake aliposwa na kijana mwenye dini na kazi ya halali. Mzee akakataa kwa sababu ya kabila. Mashauri yakafika kwa kadhi. Mzee akaitwa mara kadhaa, haikuonekana sababu ya kisheria, ndoa ikafungwa. Mzee akaapa kwa jina la Allah kuwa hatakanyaga kwa binti yule wala binti hatakanyaga kwake. Sasa ni miaka minane. Kutoka kwa baba hadi kwa binti ni vituo vitatu vya daladala. Mjukuu wa kwanza ameshaanza shule, na babu hajui sauti yake.

Jioni moja barazani mazungumzo yakaangukia sinema hii. Mzee yule, ambaye watu wa nyumbani kwake wanasema haondoki mbele yake mpaka iishe, akatoa hukumu bila kusita: "Yule baba alizidisha. Mtoto ni mtoto." Baraza zima likatazama chini.

Nilikumbuka kisa cha Nabii Dawud (a.s.) katika Suratu Swaad (38:21-25). Walimwingilia wagombanao wawili, mmoja ana kondoo tisini na tisa, akataka na yule mmoja wa mwenzake. Dawud akahukumu, kisha akatambua kuwa ni mtihani wake yeye, akaomba maghufira na akaanguka kusujudu. Kesi ya mwingine ni nyepesi kuihukumu. Kazi ni kuitambua kuwa ni yako.

Sikusema neno mbele za watu, maana nasaha ya hadharani ni fedheha. Nilimfuata nyumbani. Alinisikiliza, kisha akasema, "Ustadh, mimi nimeapa."

Wengi wamefungwa na neno hilo, kwa hiyo nalieleza hapa. Abubakar (r.a.) alikuwa akimpa matumizi jamaa yake masikini, Mistah. Mistah akashiriki kueneza uzushi dhidi ya Bibi Aisha (r.a.), binti yake Abubakar. Hebu pima uchungu huo na uchungu wa posa usiyoipenda! Abubakar akaapa kutompa kitu tena. Ikateremka aya (24:22) kuwataka wenye fadhila wasiape kuwanyima jamaa, bali wasamehe, kwani je, wao hawapendi Allah awasamehe? Abubakar akasema anapenda kusamehewa, akarudisha matumizi yale.

Kiapo cha kukata udugu si kifungo cha kujivunia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa aliyeapa kisha akaona jambo jingine lililo bora, alifanye lililo bora na atoe kafara. Kafara yenyewe imo katika Suratul Maida (5:89): kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza afunge siku tatu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, kila masikini hupewa kibaba cha chakula cha mji, kama mchele. Vibaba kumi vya mchele, Waislamu! Hiyo ndiyo bei ya kumuona mjukuu.

Mpaka naandika haya mzee hajakwenda kwa bintiye. Lakini Ijumaa iliyopita aliniuliza kama masikini wale kumi ni lazima wawe wa mtaa mmoja.

Namalizia kwa mtu ambaye watazamaji humsahau wanapobishana, naye ni Rohan. Hakuwamo katika ugomvi. Hakumhukumu baba wala kaka. Alikwenda, akaingia nyumbani kwa kaka yake kwa jina lisilo lake, na hapo ndipo penye vichekesho vingi, lakini nia yake ilikuwa moja tu, kupatanisha. Kwetu kazi hiyo ina daraja kubwa. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliitaja suluhu baina ya watu kuwa bora kuliko daraja ya funga, swala na sadaka, na maulamaa wamefafanua kuwa ni zile za sunna. Katika kila nyumba iliyogawanyika yupo kijana ambaye hakuwamo. Kijana huyo asingoje wakubwa waishe hasira. Naye asisahau kuwa katika sinema hata bibi yao alifariki kabla suluhu haijakamilika. Mtunzi wa sinema ameweza kuwapatanisha wote waliobaki kabla ya saa tatu na nusu kwisha. Sisi hatujui saa yetu, na wengi wetu tumeyaona makaburini: mtu anaomba radhi kwa aliyekwisha kufunikwa udongo.

Basi mwenye jamaa aliyemhama, asiseme ataanza Ramadhani wala Idi. Simu iko mkononi. Atoe salamu leo. Asipojibiwa ametoka katika dhambi ya kuhama, na malipo yake yako kwa Allah.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu, tusamehe sisi na wazazi wetu, na usitufishe hali tumewakata jamaa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.