Bei Rahisi na Nauli Yake

Bei ni ahadi baina ya mwenye kitu na mwenye haja. Zamani ahadi hiyo ilifungwa uso kwa uso: muuzaji aliyaona macho ya mnunuzi, na mnunuzi aliujua mkono uliofuma, uliofinyanga au uliofua kile alichokinunua. Siku hizi watu wawili hao waweza kuwa mbali kama mashariki na magharibi, wasijuane kwa sura wala kwa lugha, na ahadi yao ikafungwa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Umbali huo haukuivunja ahadi. Umemtia kati yake mtu wa tatu, naye ni mchukuzi, na tangu alipoingia swali la haki ya bei limekuwa zito.

Buhongwa ni mahali pafaapo kuliuliza swali hilo. Kata hii ya Jiji la Mwanza iko kusini mwa mji, kando ya barabara kuu itokayo Usagara, na hapana kitu kitokacho Dar es Salaam kwa barabara hiyo kisichopita mbele yake. Mwanamke wa Buhongwa, mathalan, huona gauni katika simu yake, bei yake shilingi 9,000. Madukani gauni la namna ile halipatikani ila kwa mara tatu ya fedha hiyo. Furaha yake haina kipimo, mpaka anapouliza nauli na kuambiwa shilingi 14,000. Hapo hughadhibika. Hujiona ameibiwa. Mchukuzi apateje zaidi ya mshonaji? Mwendo wa kitu waweza vipi kuwa na thamani kuliko kitu chenyewe? Huiweka simu chini, na baada ya siku mbili huungana na jirani zake watano. Bidhaa zao hukusanywa katika ghala la wakala mjini Guangzhou, zikafungwa kuwa mzigo mmoja, zikapimwa kwa kilo ikiwa zitakwenda kwa ndege, au kwa ujazo ikiwa zitakwenda kwa meli. Nauli hugawanywa, na ghadhabu hupoa.

Ghadhabu hiyo yastahili kuchunguzwa kabla haijapoa, maana mna kosa ndani yake. Nauli ya shilingi 14,000 haikuwa kubwa. Kilichokuwa kidogo ni zile 9,000. Gauni huvuka Bahari ya Hindi, hupita bandari na forodha, kisha husafiri kilomita zaidi ya 1,100 kwa njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga. Likiwa ndani ya basi, aghalabu usiku, hupita mbele ya mlango wa mwenyewe pale Buhongwa bila kusimama, likaenda kushushwa stendi ya Nyegezi, na kesho yake hurudishwa nyuma kwa bodaboda. Kila hatua ina mtu alaye kwa jasho lake. Katika bei nzima, nauli ndiyo sehemu iliyokaribia kusema kweli. Zile shilingi 9,000 zilipaswa kulipa nyuzi, ufumaji, rangi, ukataji, ushonaji, umeme wa kiwanda na faida ya muuzaji. Na zikigawanywa kwa mikono yote hiyo, fungu la mshonaji laweza kuenea katika kiganja cha mtoto mchanga. Mnunuzi hukasirika mahali alipoonyeshwa gharama, na hushukuru mahali alipofichwa.

Wafanyabiashara wameitambua tabia hiyo, wakabuni maneno matamu ya “nauli bure”. Hayana maana ila kwamba nauli imelipwa na mwingine. Umoja wa Posta Duniani ulipoundwa mjini Bern mwaka 1874, posta ya kila nchi ilijiwekea fedha ya stempu zake na kuzigawa bure barua zilizotoka nje, kwa imani kwamba barua huzaa jibu, na kazi ya pande mbili italingana. Imani hiyo ilikuwa njema kwa barua, lakini kifurushi hakizai jibu. Mkutano Mkuu wa Tokyo wa mwaka 1969 ukaanzisha malipo ya posta itumayo kwa posta igawayo, na baadaye nchi zinazoendelea zikawekewa viwango vya chini. China iliendelea kuvifaidi viwango hivyo hata ilipokuwa imekwisha kuwa karakana ya dunia. Ikatokea kwamba kifurushi kidogo kiliweza kutoka China mpaka Marekani kwa gharama ndogo kuliko kifurushi kama hicho kitokacho mji mmoja wa Marekani kwenda mwingine. Mwaka 2018 Marekani ilitangaza kwamba itajitoa katika Umoja huo, na mkutano wa dharura wa Geneva wa Septemba 2019 ukaifungulia njia ya kujiwekea viwango vyake. Bure ya mnunuzi wa Chicago, basi, ilikuwa imelipwa miaka mingi na posta ya nchi yake mwenyewe.

Wako na walipaji wengine wasioandikwa katika hati yoyote. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga mipaka, mabaharia wapatao 400,000 walikwama melini, mikataba yao imekwisha na ruhusa ya kwenda kwao haipo. Meli zao hazikusimama. Mtu aliyepokea kiatu au sufuria katika miezi ile alipokea pia siku kadhaa za maisha ya baharia ambazo hazikuwamo katika bei, na hakuna aliyemwambia.

Yasemwapo haya, watu wa pwani ya Ziwa Victoria hawapaswi kuyasikia kama habari za wageni. Katika karne ya 19 kitambaa cha bei rahisi kutoka ng’ambo kilikuwa merikani, kilichofumwa Marekani na kuletwa Unguja kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Salem. Kutoka pwani mpaka Unyamwezi na Usukuma hapakuwa na gari wala reli. Kitambaa kilisafiri kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, kwa mwendo wa miezi. Nauli siku hizo ilikuwa na miguu na ilikuwa na jina. Aliyevaa merikani aliweza kumwona aliyeileta, naye yumkini alikuwa ndugu yake. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, mpagazi akapumzika, na nauli ikapoteza uso wake.

Kisha mambo yaligeuka. Watu wa Usukuma wakawa wakulima wa pamba, yaani wakawa wao wale walio mbali. Mnunuzi wa shuka au shati katika miji ya ng’ambo alifurahia bei nafuu bila kujua kwamba huku kulikuwa na mama aliyeinama palizini, wala kwamba mizani ya mnunuzi wa pamba ilishukiwa na kila aliyeipandishia gunia. Shaka ile ya mizani ni miongoni mwa mambo yaliyowakusanya wakulima katika vyama vya ushirika, hata mwaka 1955 vikaungana kuwa shirikisho moja la Kanda ya Ziwa, akiongoza Paul Bomani. Walidai kitu kidogo sana: kwamba kabla bei haijasemwa, kazi ipimwe kwa haki mbele ya macho yao. Mshonaji wa Guangzhou leo yuko mahali alipokuwa mkulima yule. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado huuzwa nje kabla haijawa nguo, yawezekana kwamba uzi wa gauni lile umewahi kuwa shambani Magu au Misungwi, ukaenda na kurudi, na kuwalipa kidogo watu wa ncha zote mbili.

Atokee sasa mtu aseme kwamba maskini hana nafasi ya maswali haya. Usemi huo una nguvu, nao haufai kupuuzwa na mtu aliyeshiba. Sheria ya wema ambayo ni matajiri tu wawezao kuitimiza ni pambo la matajiri. Mama mwenye ada ya shule ya watoto watatu hawezi kuambiwa anunue gauni la shilingi 30,000 ili dhamiri ya mtu mwingine itulie. Tena, akikataa kulinunua lile la 9,000, mshonaji wa mbali haongezewi kitu. Huenda akapoteza hata kile kidogo. Hoja hizi mbili ni za kweli, na yeyote amlaumuye mnunuzi wa Buhongwa kwa kununua rahisi amekosa shabaha.

Lakini umaskini, ambao humwondolea mtu deni la kulipa zaidi, haumwondolei deni la kujua. Asiyejua huanza kudhani kwamba urahisi ni haki yake ya asili, na aliyefikia hapo haoni vibaya kumwomba muuzaji aandike kwenye hati kwamba kitu cha biashara ni zawadi, au kwamba thamani yake ni nusu ya ile aliyolipa, ili forodha ipate kidogo. Huo ni uongo mdogo, nao hufanywa na watu wasioweza kuiba hata yai la jirani. Husema kwamba serikali haina uso. Ni neno lile lile: mwenye uso huheshimiwa, na asiye nao hulipishwa.

Na hata heshima hiyo ya uso si ya kutegemewa sana. Gauni lifikapo huwa pana mabegani, kwa maana lilikatwa kwa kipimo cha mtu asiyekuwapo. Mwenye gauni hulipeleka kwa fundi cherehani aliyeketi kando ya barabara, ambaye mwaka jana alikuwa akimshonea nguo zake zote. Fundi huligeuza ndani nje, hulitazama, na kutaja shilingi 3,000.

“Punguza, fundi. Gauni lenyewe nimelinunua elfu tisa.”

“Na kulileta, dada?”

“Tuligawana. Kwangu ilikuja elfu sita.”

“Hao uliwaomba wapunguze?”

Mwanamke hucheka, maana angemwomba nani? Huweka noti mbili za elfu moja juu ya meza ya cherehani na kusubiri. Fundi huziangalia kidogo, huvuta kiti karibu, na kuanza kuufumua taratibu mshono ambao mtu mwingine aliushona.