AZABU YA HAKI NI IPI? VIJANA WETU WANAJIBU



Baada ya ibada tuliketi na vijana wa parokia hapa Lubumbashi, tukawauliza: mtu aliyeua apewe azabu gani? Tulifikiri watajibu kwa upole, kwani wamekulia kanisani. Kijana mmoja, ambaye kaka yake alikatwa mapanga na wezi wa usiku akafa, alisimama: "Papa mchungaji, na yeye auawe." Wengi wakapiga makofi. Hatukumkaripia. Mwenye msiba anasema machungu yake kwanza.

Wala si maneno ya hewa. Tangu 2003 nchi yetu ilikuwa imesimamisha kutekeleza hukumu ya kifo, lakini mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa katazo hilo.

Ndipo binti mmoja wa koro akauliza, "Na Papa Simon Kimbangu je?" Kimya kikaingia. Wote wanajua: tarehe 3 Oktoba 1921, kule Thysville, tribinali ya kijeshi ilimhukumu fimbo 120 na kifo, bila avoka wa kumtetea. Mfalme Albert I akaigeuza kuwa kifungo cha maisha. Akafungwa miaka 30 katika mji wetu huu, ulipoitwa Elisabethville, hata akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Nao waliomhukumu walisema wanalinda usalama.

Kijana akajibu, "Papa Simon hakuua mtu." Ni kweli, na hatupendi kufananisha mtumishi wa Mungu na mwuaji. Lakini binti hakukaa. "Unajuaje aliyeshikwa ndiye? Mtaani wanamchoma moto yule asiyejua kukimbia." Sisi wazee tulitazama chini. Kuna wakati tulipita karibu na moto wa namna hiyo, tukaendelea na safari yetu.

Kisha wakasema wengi pamoja. Mwizi wa simu anakaa gerezani miezi na miezi bila kumwona jaji. Aliyekula mishahara ya walimu anasalimiwa kwa heshima, pengine hata kanisani anapewa kiti cha mbele. (Hilo lilitugusa.) Juu ya watoto walikubaliana upesi: sheria ya 2009 inakataza kumhukumu kifo au kifungo cha maisha mtu asiyefika miaka 18, nao wanaona ni vema. Na "jicho kwa jicho", wakasema, iliwekwa kuwa kipimo, mtu asidai macho mawili.

Yule kijana hakubadili neno lake. Alipotoka alituuliza mlangoni: "Basi mwuaji aishi. Watoto wa kaka yangu watakula nini?" Tribinali ikitoa hukumu, inaweza kuamuru familia ilipwe, lakini mwenye kupanga hana kitu. Hatukuwa na jibu. Jumapili iliyofuata binti yule wa koro na wenzake walichanga franka, wakampelekea mjane mfuko wa unga. Kijana aliubeba yeye mwenyewe, bila kusema.