Misalaba ya Shaba Kaburini



Kule Katanga, Kongo, wenyeji walichimba shaba kwa karne nyingi. Mbelgiji Jules Cornet aliyakuta mashimo yao Kambove mwaka 1892. Waliimimina kwa umbo la msalaba. Si dini hiyo, ilikuwa pesa. Mwaka 1957 na 1958 wanaakiolojia walifukua makaburi ya Sanga, wakaikuta misalaba hiyo pamoja na mifupa.

Je, ni halali kumfukua marehemu ili tujifunze? Huku Temeke makaburi huhamishwa kupisha ujenzi, na ndugu husali. Kwa hiyo naona inaruhusika. Lakini kuzika wafu ni tendo la huruma, Tobiti alihatarisha maisha kwa hilo. Basi ukishaipima mifupa, izike tena. Kumwacha mtu kwenye boksi stoo, jamani, hapana. Kila Novemba, nikiwaombea marehemu wetu, nawaongeza na wa Sanga.