KISIPUNGUE, KISIZIDI

Masomo: Kutoka 16:13-21, Mathayo 25:1-13



Wanawali watano walipungukiwa na mafuta, na mlango ukafungwa. Habari hiyo tumefundishwa tangu utoto, nasi twaijua vizuri. Lakini iko habari nyingine, ya jangwani, ambayo hatuikumbuki mara nyingi. Wana wa Israeli waliagizwa kuokota mana pishi moja kwa kila mtu, ya kuwatosha siku ile. Waliojiwekea mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Wanawali waliharibikiwa kwa upungufu. Hawa waliharibikiwa kwa ziada. Maandiko yatuonya pande zote mbili, ila sisi twasikia onyo la upande mmoja tu. Kupungukiwa twakuogopa, kuzidisha twakuona kuwa ni wema.

Mwezi huu twapenda kulipeleka fundisho hilo mpaka chini ya boneti ya gari. Msishangae. Zamani gari katika mtaa wetu lilikuwa jambo la kutazamwa na watoto njiani. Leo nyumba nyingi zina Toyota ndogo iliyonunuliwa kwa jasho la miaka mingi. Hilo ndilo linalopeleka vitunguu sokoni, ndilo linalomkimbiza mama mjamzito hospitali usiku, na ndilo linalofuata jeneza. Wengi wetu, kwa kubana matumizi, tumejifunza kubadili oili wenyewe. Ni jambo jema. Mtume Paulo alishona mahema, wala hakuona haya. Lakini kazi hii ina mahali pamoja ambapo watu hujikwaa, napo ni kipimo.

Tazameni jinsi injini ilivyo. Chini yake kuna bakuli, ambalo mafundi huliita sampu, na humo oili hukaa. Pampu huivuta na kuisukuma mpaka kwenye beringi na vyuma vyote vinavyosuguana. Oili ikipungua, gari likipanda mlima au likikata kona kwa kasi, pampu huvuta hewa badala ya oili. Vyuma hukutana vikavu, vikapata moto, vikalika. Hilo kila mtu alijua.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili. Juu kidogo ya oili hiyo huzunguka krenki, nayo gari linapokwenda kasi yaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa kila sekunde moja. Oili ikizidi sana, krenki huifikia na kuipigapiga kama mama apigavyo mayai ya keki, ikawa povu. Povu ni oili iliyochanganyika na hewa, na pampu haiwezi kulisukuma sawasawa. Basi injini yenye oili nyingi mno yaweza kuumia kwa ugonjwa uleule wa injini yenye oili chache. Tena ile ziada hutafuta njia ya kutokea: hupita kwenye tundu la kupumulia na kuungua, tukaona moshi wa buluu, au husukuma sili mpaka zivuje.

Tumeyaona haya kwa jirani. Kijana mmoja alibadili oili ya gari la mama yake, gari la kubeba mazao. Injini ilikuwa ile ya 1NZ, iliyo katika Probox nyingi na IST nyingi, ambayo huchukua lita 3.7 ikiwa filta nayo inabadilishwa, na lita 3.4 ikiwa filta haikuguswa. Yeye alikuwa amenunua dumu la lita 5. Akasema moyoni kwamba injini hii inachoka sana, acha tuihurumie. Akamimina dumu zima. Siku chache baadaye sili ya nyuma ikaanza kuvuja, oili ikafika kwenye klachi, klachi ikateleza. Hakuna aliyetazama kipimo, maana wote walijua kwamba oili ni tele. Ikaendelea kudondoka kidogo kidogo, njiani na uani, hata siku moja barabarani injini ikagonga na kukaza. Fundi alipochomoa kijiti alikikuta kikavu. Kuzidi ndiko kulikozaa kupungua. Mama yule alikaa msimu mzima wa mavuno bila gari, na ada ya shule ya watoto wawili ikachelewa.

Kijana hakuwa mvivu wala mwizi. Alipenda, lakini alipenda bila kipimo.

Basi na tujifunze kazi hii kwa utaratibu, kama tulivyokuwa tukifundishana chuoni: hatua kwa hatua.

Kwanza, tusome kitabu cha gari ili tujue injini yetu huchukua lita ngapi na oili ya namna gani. Jirani anajua gari lake, si letu. Tuwashe injini dakika chache ili oili ipate joto na kulainika, kisha tuizime. Gari likiinuliwa kwa jeki peke yake, mtu asiingie chini. Tuweke stendi imara na kuzuia magurudumu.

Pili, tufungue nati ya chini tukiwa na beseni, na kuiacha oili ichuruzike hata matone yakome, robo saa au zaidi. Hata hivyo haitoki yote. Sehemu ya oili kuukuu hubaki ndani. Tukitoa filta tuhakikishe mpira wake wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mpira wa filta mpya tuupake oili safi, na filta tuifunge kwa mkono. Nati nayo tuirudishe na washa nzuri, tuikaze, lakini si kwa hasira.

Tatu, na hapa ndipo penye neno letu, tusimimine kiasi chote kwa mara moja. Ikiwa kitabu chasema 3.7, tutie kama 3 hivi, tukisoma mistari ya dumu, kisha tushushe gari mahali tambarare. Gari lililo bado juu ya jeki, au lililoegemea mteremko, hutoa kipimo cha uongo. Tungoje, tupime, tuongeze kidogo kidogo mpaka oili ionekane vizuri kati ya alama mbili za kijiti. Ndipo tuwashe injini dakika moja au mbili, taa ya oili izimike, tuchungulie chini kama kuna kuvuja, tuzime. Sasa filta imekwisha kunywa sehemu yake, nayo oili ndani ya bakuli imeshuka.

Nne, tungoje tena dakika tano hata kumi ili oili iliyopanda juu ishuke. Kisha tuchomoe kijiti, tukifute kwa kitambaa safi, tukirudishe mpaka mwisho, na kukichomoa mara ya pili. Hiyo ya pili ndiyo ya kusomwa. Ya kwanza hudanganya, kwa kuwa oili imerukia na kupaka kijiti huku na huku. Upande mmoja ukionyesha juu kuliko mwingine, tuamini ule wa chini, na kupima tena. Kati ya alama ya chini na ya juu, katika magari mengi madogo, ni kadiri ya lita moja. Basi nusu ya nafasi hiyo ni kama nusu lita, wala si dumu. Tukaribie alama ya juu, tusiivuke. Ikiwa imezidi, tusiseme itaungua yenyewe. Tuipunguze kwa nati au kwa kuivuta kwa mpira na pampu. Kesho yake asubuhi tupime tena. Magari mengine ya siku hizi hayana kijiti, bali huonyesha kipimo kwenye dashibodi. Hapo tufuate kitabu.

Wapendwa, katika karne ya kumi na tisa aliishi Elijah McCoy, aliyezaliwa Kanada mwaka 1844. Wazazi wake walikuwa watumwa waliotoroka kutoka Kentucky huko Marekani. Alisomea uhandisi Scotland, lakini aliporudi, kwa sababu ya rangi yake, kazi aliyopewa katika reli ilikuwa kuchochea moto na kutia mafuta mitambo. Siku hizo treni ililazimika kusimama mara kwa mara ili ipakwe mafuta. Yeye akabuni chombo cha kudondosha mafuta penye kuhitajiwa huku mtambo ukienda, akapata hataza yake mwaka 1872. Tazameni hekima yake: alihakikisha kila mahali panapata kadiri yake, kwa wakati wake.

Sisi je? Tuna bidii nyingi isiyopimwa. Mzazi anampa mtoto kila anachotaka, akisema ni upendo; mtoto anatoka povu, na siku ya shida hana nguvu ya kujitegemea. Kiongozi wa kanisa anashika kwaya, kamati, vijana na ujenzi, mpaka hana saa ya kusali wala ya kula na mkewe. Twamsifu kwa juhudi, kumbe sili zinavuja. Mchango wa arusi unapita uwezo wa ukoo, na baada ya sherehe maharusi wanaanza nyumba kwa deni. Kila mmoja alimimina kwa moyo mweupe. Hakuna aliyechomoa kijiti.

Tena tunapojipima, twapenda kipimo cha kwanza. Twajitazama siku tuliyosifiwa, au tukiwa tumesimama kwenye mteremko unaotupendelea, karibu na mtu aliye mbaya kuliko sisi. Kabla ya kukaribia Meza ya Bwana tumepewa nafasi ya kuungama. Huko ndiko kufutwa. Tukae kimya, tutulie, yaliyorukaruka yashuke. Kisha tujipime tena mbele zake aliyeziweka alama. Hakutuomba tujaze kila nafasi. Ametuagiza tukae ndani ya kipimo alichokipima yeye aliyetuumba.

Neno la mwisho ni la jirani. Oili chafu isimwagwe shimoni, mtaroni wala karibu na kisima. Ina chembe za chuma na sumu, nayo maji yakishaingiwa na oili hayanyweki. Tuitie katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, tuipeleke gereji wanakoikusanya. Atakayechota maji bondeni hatamjua aliyebadili oili mlimani, lakini Bwana anawajua wote wawili.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewapa watu wako mana ya kuwatosha kila siku, utupe na sisi kujua kadiri yetu. Tukipungua, utujaze, tukizidisha, utupe unyenyekevu wa kupunguza. Uwalinde wote wasafirio njiani, na mikono yote iwatengenezeayo vyombo vyao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.