Mas'ala ya Mwenye Kuuza Kazi ya Mkono Wake Akasema: "Sina Dhamana"

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, yapasa ijulikane ya kuwa limeenea siku hizi neno ambalo wauzaji wa mapambo hulibandika juu ya bidhaa zao, nalo ni kusema: "Hili ni pambo tu, muuzaji hana dhamana ya madhara yoyote." Wengi hudhani ya kuwa mwenye kulitamka neno hili amekwisha kuokoka mbele ya kadhi na mbele ya Mola wake.

Sura ya mas'ala na iwe hivi. Lalago ni mji mdogo wa Usukumani, katika wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, ambao ulifanywa mkoa mwaka 2012. Na Wasukuma ni watu hodari wa kazi za mikono: huchonga vigoda na ngoma, hunakshi vibuyu, hutunga shanga. Iwe fundi mmoja wa huko ametunga mikufu kwa mbegu za mtipitipi, zile nyekundu zenye doa jeusi, ambazo humea bara na pwani, na watoto huziokota kwa uzuri wake. Akaja mfanyi biashara wa pwani akainunua mikufu hiyo kwa jumla, akaipeleka Unguja na Mombasa.

Mbegu hizi zina sumu kali. Ganda lake gumu ni kama ngome: mtu akiimeza nzima, mara nyingi hutoka kama ilivyoingia. Lakini ikitafunwa au ikitobolewa, sumu hupata njia. Na fundi hawezi kuitia uzi ila kwa kuitoboa. Basi tundu lile, ambalo ndilo ufundi wake, ndilo lililofungua mlango wa hatari. Hapa hawezi kusema ya kuwa Mungu ndiye aliyeiumba mbegu na yeye ameitunga tu.

Huenda mtu akasema: mkufu haukufanywa uliwe, basi sumu yake si aibu ya kurudishia mali. Neno hili lina sura ya hoja, walakini halisimami. Aibu kwa wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii ni kila upungufu wa kitu au wa thamani yake unaoondoa kusudio lililo sahihi, ikiwa desturi ya vitu vya jinsi ile ni kusalimika nao. Mikufu kwa desturi haina sumu. Na mkufu huvaliwa na mama mwenye mtoto kifuani, na kila aliyelea anajua ya kuwa mtoto hunyonya chochote kinachoning'inia mbele ya mdomo wake. Lau mnunuzi angalijua, angaliuacha, au angalitoa nusu ya bei.

Tena lile sharti la kujitoa katika dhamana si jambo jipya. Imepokewa ya kuwa Abdallah bin Umar alimwuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti hilo hilo. Mnunuzi akadai ya kuwa mtumwa alikuwa na maradhi asiyotajiwa. Wakapeleka shauri kwa Sayyidna Uthman, naye akamtaka Ibn Umar aape ya kuwa alipouza hakuwa akiyajua maradhi yale. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Na baadaye akamwuza kwa 1,500. Kukataa kwake si kukiri uwongo, kwani wacha Mungu wa zamani walikiogopa kiapo hata walipokuwa wakweli. Lakini yatazamwe haya: sharti lilikuwapo, na wote wawili waliliridhia, na juu ya hivyo Uthman aliuliza muuzaji alijua nini.

Imamu Shafii aliishika hukumu hii, na Imamu Nawawi akaiandika katika Minhaj kuwa ndiyo kauli iliyo dhahiri zaidi: sharti humwokoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye hakuijua, wala halimwokoi katika jingine. Sababu ni kuwa mnyama hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa, na hali yake hugeuka, hata mwenyewe hamjui. Ama kigoda hakili, na mkufu hauugui. Aliyeutunga ameishika kila mbegu kwa vidole vyake. Basi hata asipojua, mnunuzi akiiona aibu na akafanya haraka, ana haki ya kuurudisha na kuchukua fedha zake, na ile karatasi haimzuii.

Na kama alijua akanyamaza? Huyo ni katika mlango wa ghushi. Mtume alipita sokoni kwenye chungu ya nafaka, akatia mkono akakuta maji chini. Mwenye mali akasema imenyeshewa na mvua. Naye hakumlaumu kwa mvua, bali alimlaumu kwa kuificha nafaka iliyorowa, akampa khabari ya kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake.

Sheria za serikali nazo zimetembea mwendo mrefu katika jambo hili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1893 juu ya kuuza bidhaa, ambayo ilifuatwa katika nchi zetu zamani za ukoloni, iliwaachia wawili wapatane kuiondoa dhamana wakitaka. Waingereza wenyewe waliliona dhara lake, na mwaka 1977 wakaweka ya kuwa mfanyi biashara hawezi kwa maneno ya mkataba kujivua dhamana ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Na Tanzania katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliweka milango ya kumlinda mnunuzi. Kumbe wamerudi karibu na swali la Uthman.

Shina la mas'ala ni kupambanua maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna neno la kumfahamisha mnunuzi, na kuna neno la kumkinga muuzaji. Mwenye kusema, "Mbegu hizi zina sumu, usimwachie mtoto," amebainisha, na kubainisha ni wajibu wake. Mwenye kusema, "Sina dhamana ya madhara yoyote," hakubainisha kitu. Mnunuzi ameondoka na ujinga wake kama alivyokuja. Na mbaya kuliko hayo ni karatasi ndogo iliyoandikwa kwa Kiingereza, akapewa bibi wa kijijini asiyesoma hata Kiswahili. Hiyo imeandikwa kwa ajili ya kadhi, haikuandikwa kwa ajili yake.

Tena mtoto hakuridhia sharti lolote. Mama yake akisamehe, amesamehe haki yake katika mali. Nafsi ya mtoto si yake kuisamehe. Kwa hiyo hata sharti lingalikuwa sahihi baina ya wanunuziana, lisingalimfikia yule ambaye hakuwapo katika mapatano.

Fundi wa Lalago akimwambia mfanyi biashara, naye akalikata neno lile njiani ili bidhaa isidode, basi mzigo umemhamia yeye. Na fundi asiyejua kabisa asistarehe sana: imepokewa ya kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, hulipa akidhuru. Kwa kiasi cha hukumu hiyo, mwenye kuingia katika kazi yampasa aijue mali anayoifanyia kazi, ikiwa mbegu, ikiwa rangi ya kupaka kikombe ambacho watu watanywea.

Limebaki swali la mikufu iliyokwisha kuuzwa. Mwaka 2011 bustani iitwayo Eden Project, huko Uingereza, ilipojua ya kuwa bangili ilizouza zilitungwa kwa mbegu hizi hizi, iliwatangazia wanunuzi wazirudishe. Mfanyi biashara wa pwani hana daftari la majina. Lakini ana siku ya soko, ana mlango wa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, na ana simu ya yule fundi wa Lalago, ambaye huenda hata sasa, hali hajui, ameketi barazani akitoboa mbegu nyingine, na mtoto wake yu pajani.

Wallahu aalam.