Ziacheni Nyasi Zilale

Wanangu mnaojenga hapa Nuu, jambo hili nimelisema kanisani, nikalisema kwenye baraza la chifu, na leo nalirudia kwa sababu Septemba imefika na mipira ya maji imeanza tena kutandazwa uani. Sauti yangu imepungua. Sogeeni karibu.

Mmerudi kutoka Nairobi na Mombasa, mkaezeka mabati ya rangi, mkaweka geti, kisha mkapanda ukoka mbele ya nyumba. Hilo sina neno nalo. Uwanja wenye nyasi hautimui vumbi, watoto hucheza bila kuchubuka magoti, na udongo hubaki mahali pake mvua inaponyesha. Kinachonichosha ni namna mnavyoutunza.

Mnafungua simu, mnasoma mawaidha ya watu wa Marekani na Uingereza kuhusu Agosti yao ya jua kali, na mnayaleta hapa jinsi yalivyo. Wanasema nyasi zipewe maji ya kina cha sentimita mbili na nusu kila wiki. Haya, tufanye hesabu. Uwanja wa mita 10 kwa 10 utakunywa lita 2,500 kwa wiki. Hiyo ni mitungi 125 ya lita 20. Punda wetu hubeba mitungi minne, kwa hiyo ni safari zaidi ya 31 za punda, kila wiki, kwa ajili ya kitu ambacho hata mbuzi hujamruhusu akile. Na wakati huo huo mama zenu wamechutama kwenye mchanga wa mto wakichota maji kwa kikombe.

Tena mnamwaga bure. Ukoka ukigeuka rangi ya majani makavu mwezi wa Septemba haujafa, umelala. Una vishina vinavyotambaa chini ya udongo, na humo ndimo umeweka akiba yake kama bibi aliyefunga hela kwenye pindo la leso. Ukitaka uhakika, chimba kidogo kwa ncha ya panga. Ukikuta vishina vyeupe na vigumu, viache, viko hai. Ukikuta vya kahawia vinavyovunjika vikavu, hapo pamekufa, na maji hayatapafufua.

Ule unyunyiziaji wa kila jioni ndio mbaya kuliko yote. Maji hulowanisha vumbi la juu tu, nyasi zikaamka na kuleta mizizi juu kufuata unyevu, kisha boza la maji likichelewa wiki moja, jua linaipata mizizi hiyo pale pale. Ikiwa moyo wako hauwezi kabisa kuona rangi ya kahawia, chagua kipande kidogo mbele ya mlango, ukimwagilie mara moja kwa majuma mawili, jua likishatua, mpaka maji yazame. Tumia maji ya kusuuzia nguo au mboga. Yale yenye dawa ya kung'arisha nguo mwaga kwingine.

Halafu kuna slasha. Kijana akimaliza kazi zote Jumamosi, anaona bora akafyeke nyasi zilizokwisha kukauka, mpaka udongo uonekane. Anasema ni usafi. Zile nyasi kavu ndizo kivuli cha mizizi yake! Ziache zibaki na urefu wa vidole vinne vya mkono, na kilichokatwa kikae hapo hapo. Usichome. Usiweke mbolea ya dukani wakati huu pia, maana bila maji huunguza. Na magari ya wageni wa harusi yaegeshwe nje ya geti. Nyasi iliyolala ikikanyagwa haiwezi kujiponya hadi mvua ije.

Kazi ya kweli ya msimu huu ni kungojea Nthwa, mvua zetu za vuli, ukiwa umejiandaa. Udongo wetu huweka gamba gumu juu, mvua ya kwanza huteleza ikaondoka zake. Livunje gamba hilo kwa jembe kwenye vipara. Panga mawe kukingama mteremko, chimba vijishimo vya nusu mwezi, elekeza maji ya paa uani badala ya barabarani. Vipande vya ukoka vipandwe ardhi ikishalowa vizuri, siyo kwa manyunyu ya kwanza yanayodanganya. Na mwenye eneo kubwa asihangaike na ukoka pote. Apande nyasi za kwetu, mbeetua na ndata kivumbu, ambazo watafiti wa kilimo na mifugo wa KALRO pale Kiboko, Makueni, wamezishughulikia kwa miaka mingi. Atumie mbegu iliyokaa ghalani miezi kadhaa, si iliyovunwa jana, na aifunike kwa udongo mwembamba tu. Ikizikwa ndani haioti.

Msidhani nazungumzia urembo. Mnaujua Enziu, huo mto tunaouvuka kwenda Mwingi. Sasa hivi ni mchanga mtupu. Tarehe 4 Desemba 2021 ulisomba basi lililokuwa limebeba wanakwaya wakija harusini hapa Nuu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Sisemi nyasi za uani kwako zingeliokoa basi lile. Nasema maji yanayojaza mito yetu kwa saa chache hutoka kwenye vilima na viwanja vilivyo uchi, na kiwanja chako ni kimojawapo. Na msisahau kwamba mkasa huo ulitokea katikati ya ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Maji yalikuja, ardhi haikuyashika.

Nthwa huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba ikishaingia. Mpaka siku hiyo kunja mpira, weka slasha stoo, na hayo maji ya boza mpelekee mama yako jikoni.