Kisanduku Juu ya Mita

Kifaa tusichokijua hututia hofu haraka. Kile tunacholala nacho kando ya mto hatukishuku. Mei 2025 watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi kuhusiana na Blood Parliament, filamu ya BBC kuhusu waandamanaji waliopigwa risasi Bungeni 2024. Simu zao zilichukuliwa, zikarudishwa Julai. Watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walipozikagua walisema simu za wawili wao zilikuwa zimewekwa FlexiSPY zikiwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo inauzwa wazi, na inaweza kusoma meseji zako na kukusikiliza. Kwa nje simu haikubadilika hata kidogo.

Sasa njoo Gilgil, kwenye ploti yetu. Huu ni mji wa kambi ya jeshi na chuo cha NYS, kwa hiyo antena hazitushangazi. Lakini juu ya mita za stima kumetokea kisanduku cheusi chenye kitaa chekundu, na hakuna aliyetuambia ni cha nini. Mama mmoja jirani ameacha kuanika nguo upande ule. Kijana wa juu anataka kukivunja.

Kukitambua si kazi kubwa. Kifaa cha kupeleleza lazima kipate moto mahali, na lazima kihifadhi au kitume kinachonasa. Tafuta waya, betri, laini ya simu, kadi ya memori. Usiku zima taa, mulika tochi polepole. Lenzi hurudisha mng'ao hata ikiwa ndogo kama tundu la sindano. Fundi atakueleza hayo yote kwa soda moja. Asichoweza kukwambia ni picha zinamfikia nani, na hilo ndilo linalomnyima mama yule usingizi.

Kukivunja nakataa, huenda ni cha intaneti tu. Lakini sikubali pia ile ya "kama huna cha kuficha unaogopa nini?" Aliyekiweka ndiye mwenye deni la maelezo. Hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa nini.

Je, kuambiwa kunatosha? Hapo ndipo nakwama. Mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC mbele ya Orb ya Worldcoin, ule mpira wa kung'aa unaopiga picha za macho. Hakuna aliyefichwa kwamba ni kamera. Walikubali, wakapata tokeni za kama shilingi 7,000. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data ile ifutwe. Idhini iliyovutwa kwa pesa haikuwa idhini halali. Mimi siwezi kumwambia mtu aliyelipa kodi ya nyumba kwa pesa ile kwamba alikosea kukubali. Ningependa kumuuliza mnunuzi alitaka macho yetu ya nini.